Kidole Ulichonyoosha Mbele ya Wazee

Mwanangu Aikande,

Umepanda juu kumuaga shangazi yako, nami nimepata nafasi ya kukaa mezani kabla ng'ombe hajaanza kunililia. Sitakuandikia habari za kuficha pesa mahali pawili wala kuvaa sweta kwenye basi. Hayo shangazi anakueleza sasa hivi, tena anayarudia, na wewe unaitika kwa adabu huku unatazama mlango. Mimi nataka kukuandikia juu ya Kundaeli, huyo unayekwenda kumfanyia kazi Mwanza, na juu ya jambo ulilolifanya jana sebuleni kwetu. Tangu jana sijasema nawe sawasawa. Umedhani nimenuna. Ni kweli nilinuna, tena nilinuna vizuri, kwa moyo wote.

Kundaeli ulikuwa unamjua kwa jina tu, kwa sababu humu ndani jina lake nimekuwa nikilitaja huku nagonga vyombo. Zamani tulikuwa na karakana moja pale Moshi mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, tukirekodi kwaya na bendi za tarumbeta za sharika. Yeye alijua watu, mimi nilijua sauti. Zile hedifoni unazozilinda kama mboni ya jicho tuliachiwa na Mjerumani mmoja aliyekuja kutengeneza ogani ya kanisa, akaona mzigo wake wa kurudi umekuwa mzito. Alituachia hedifoni, amplifaya yake akaondoka nayo. Sijui alifikiri tutazichomeka wapi.

Maana unajua mwenyewe zilivyo. Ndani hazina sumaku wala koili kama hedifoni za watu. Kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, umening'inizwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu, na unachezeshwa na umeme tuli peke yake. Utando huo hauna uzito wowote wa maana, ndiyo sababu unasikia mpaka mpiga tarumbeta akilamba midomo. Lakini unataka volti mia kadhaa, na hakuna redio ya dukani itakayokupa hizo. Ilibidi tutengeneze amplifaya wenyewe. Kila mmoja akatengeneza ya kwake, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa, ingawa mwanzoni tuliuita utani.

Mimi nilitengeneza ya valvu, hii iliyoko sebuleni, kwa taa za kioo nilizozichomoa kwenye redio kubwa za zamani ambazo watu walikuwa wanafugia kuku juu yake. Nilikuwa na sababu zangu na bado ninazo. Valvu imezaliwa na volti kubwa. Ukiipa mia kadhaa inatulia tu. Transista inabidi uzipange nyingi zigawane mzigo, na moja ikipasuka inaondoka na wenzake. Kundaeli naye akatengeneza ya transista, akaja na maneno yake.

"Hiyo yako ni jiko, Mama Aikande," alikuwa akiniambia. "Inapasha chumba, inazeeka kila siku, na vipuri vyake viko makumbusho. Yangu ukiwasha imewaka. Haina mvumo, na besi yake inakaa mahali pake."

"Na yako ina sauti ya wodini," nilimjibu. "Kila kitu kisafi, hakuna mtu anayetaka kukaa."

Tulicheka wote wawili siku hizo. Hilo nalo naona uchungu kulikumbuka, kwamba tulicheka.

Kisha usharika ukataka rekodi ya bendi yake ya tarumbeta, ile ambayo babu yako, baba yangu mimi, alipiga tuba ndani yake maisha yake yote. Tulirekodi pamoja, mimi na Kundaeli. Tukashindwana nani akamilishe kazi, kila mmoja akidai chombo chake ndicho kinachosema kweli. Wazee wa kanisa wakaamua: leteni vyote viwili, tuvae hizo hedifoni, tusikilize. Atakayeshinda atamaliza kazi hii na za sharika nyingine zitakazofuata. Ilikuwa riziki yetu yote mezani.

Sasa elewa jambo moja la watu wetu. Huku Machame tarumbeta haipimwi kwa utamu, inapimwa kwa umbali. Alfajiri ya Pasaka bendi ikishapiga makaburini, mtu akikutana nawe njiani hakuulizi kama ilikuwa nzuri, anakuuliza kama ilisikika ng'ambo ya mto. Ikisikika ng'ambo, basi ilikuwa nzuri, mjadala umekwisha. Kundaeli aliyajua hayo kama mimi. Ilipofika zamu ya amplifaya yake, akapitisha kidole gumba kwenye voliumu na kuisogeza kidogo sana. Hakuna aliyeona. Mimi sikuona pia, nilikuwa nyuma. Nilisikia kile kilichovuja pembeni mwa hedifoni kimepanda, nikajua.

Nikasema palepale. "Wazee, ameongeza sauti. Si haki. Kinachosikika zaidi kinapendeza zaidi, hata kama ni kibovu."

Kundaeli hata hakugeuka. "Jamani, mwenzangu amechoka," alisema. "Masikio yake siku hizi yanasikia hata visivyokuwepo." Wazee wakacheka, Aikande. Ofisi nzima ya usharika ikacheka, mwanamke mmoja ndani na wanaume wote wale. Kisha wakaombwa waonyeshe kwa kidole ni ipi iliyo bora. Wakaonyesha ya Kundaeli mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa babu yako. Alinitazama, akanionea huruma, halafu akanyoosha kidole kwa Kundaeli. "Hii inafika, mwanangu," aliniambia. "Yako ni tamu lakini haifiki."

Baba yangu alikufa miaka michache baadaye akiamini kwamba binti yake alishindwa kihalali na akakataa kukubali. Hilo ndilo sijalisamehe. Kazi naweza kusamehe. Kundaeli aliondoka na kwaya zote, akaniachia hedifoni na nakala ya rekodi ile, akakua, akahamia Mwanza akafungua studio yenye vioo, na mimi nikarudi hapa kutengeneza televisheni za majirani na kupeleka maziwa. Hayo ni maisha, yanampata yeyote. Lakini kuninyang'anya sikio langu mbele ya baba yangu, hapana.

Nikaanza kukunoa. Nadhani ulikuwa darasa la pili. Wenzako wakiwa kihambani wanarukaruka kwenye migomba, wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda na hedifoni zinazokuzidi kichwa, mimi nakuuliza, "Sasa je? Na sasa? Nini kimebadilika?" Ukikosa nakurudishia. Ukilia nakusubiri umalize, kisha nakurudishia. Watu walisema Mama Aikande anampenda sana mwanawe, anakaa naye kila jioni. Nilikuwa nakupenda, ndiyo, lakini nilikuwa pia nanoa panga. Nilitaka siku moja nimpate Kundaeli, na niwe na shahidi ambaye hakuna mzee atakayemcheka. Mtoto hakupaswa kulelewa kwa kazi ya namna hiyo, na wewe ulilelewa hivyo. Ulipokwenda chuo kusomea sauti nilijiambia umechagua mwenyewe. Sina hakika.

Basi wiki iliyopita akaja. Ulikuwa umeshuka mjini. Nasikia hodi, natoka, namwona Kundaeli amesimama kwenye njia ya migombani, kanenepa, nywele zimekuwa nyeupe, na mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Wewe ni Mchagga, huhitaji kuelezwa. Mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi, na isale halikataliwi. Ukilikataa, kosa linahama kutoka kwake linakuja kwako. Nilisimama pale na ndoo ya maziwa mkononi nikimchukia kwa kunifunga mikono namna ile.

"Una miguu ya kufika hapa," nikamwambia.

"Ninayo, mae," akajibu, akiniita mama kwa Kichagga. "Kilichokwisha ni masikio." Akanieleza. Sauti za juu zimemtoka. Nyenje hawasikii tena, funguo zikianguka hazisikii, na kwenye studio anakisia tu, watu wameanza kugundua. Alikuwa amesikia kwamba mwanangu ana sikio. Alikuja kuomba radhi, na akaja pia kuniomba wewe.

Nilifurahi, mwanangu. Sitakuficha. Nilifurahi mpaka nikaogopa uso wangu usionekane, nikajifanya natazama ndoo. Mtu aliyesema masikio yangu yanasikia visivyokuwepo, leo yeye hasikii vilivyopo. Nilipokea jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikamkaribisha ndani, nikampa ndizi na maziwa. Na wakati anakula nilikuwa tayari nimeshaipanga barua hii kichwani. Haikuwa hii unayoisoma. Ile nyingine ilikuwa fupi. Ilikuwa inakwambia uende Mwanza, uwe masikio yake, na kila akikuuliza kama kazi iko safi umwambie iko safi. Kwaya inakwaruza, mwambie safi. Mvumo umeingia, mwambie safi. Mpaka watu wamkimbie mmoja mmoja na yeye asijue kwa nini. Isale lilinizuia mimi nisimdhuru. Halikusema neno juu yako.

Lakini kwanza nilitaka yangu. Nikamwambia, "Jani nimelipokea. Mtoto hatoki humu mpaka wazee wasikilize tena." Wazee wa siku ile waliobaki ni wawili, Mzee Aminieli na Mzee Ndesario, na wote wawili nikawaita waje jana. Yeye akaja na amplifaya yake ya transista, ileile.

Uliona nilivyojiandaa. Nilitoa mlio mmoja usiobadilika, nikapima kwa mita kwenye tundu la kila amplifaya, mkono mmoja mfukoni kama nilivyokufundisha kwenye umeme mkubwa, nikarekebisha voliumu mpaka namba zikawa sawa kabisa. Nikabandika karatasi ya gundi juu ya vitufe visiguswe. Nikatundika kanga katikati ya chumba ili anayesikiliza asione anachomekewa wapi. Nikaweka rekodi ileile ya bendi, wimbo uleule, tuba ya babu yako ikitembea chini. Nilikuwa na uhakika. Nilijua haki ikitendeka, valvu yangu itashinda na watu watanitazama upya.

Mzee Aminieli akasikiliza zote mbili wakati Mzee Ndesario anabadilisha nyuma ya kanga. Akavua hedifoni. "Zote zinapiga tarumbeta," akasema. Wakabadilishana. Mzee Ndesario akasikiliza mpaka nikadhani amesinzia. "Mama Aikande, mimi naona ni ileile," akasema. "Mmenichezea?" Kundaeli akajaribu, naye akashindwa, akainama. Ugomvi uliovunja karakana yetu, wanaume wale hawakuweza hata kuusikia. Walichosikia siku ile ofisini kilikuwa kidole gumba cha Kundaeli, basi.

Nikamgeukia. "Waambie."

"Niliongeza," alisema. "Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?" Mzee Aminieli akamuuliza.

"Kama upana wa ukucha."

"Yesu!" Mzee Aminieli akapiga mapaja yake. "Yaani tulimcheka mtoto wa watu kwa ajili ya ukucha!" Akanigeukia akasema pole, mbele yako, na Mzee Ndesario akasema pole. Hiyo ndiyo siku niliyoisubiri, nikaipata. Nilitamani tu baba yangu angekuwa kwenye kile kiti cha dirishani.

Ningenyamaza hapo ningelala mshindi. Lakini tamaa ilinishika. Nikasema, "Sasa Aikande asikilize." Nilitaka wasikie kutoka kwako kwamba tofauti ipo, na kwamba iliyo bora ni ya mama yako. Sikukukonyeza. Sikuona haja. Kwa miaka yote ile ya kigoda, ungeniangushaje?

Ukavaa. Ukaomba ibadilishwe, ikabadilishwa. Ukaomba tena. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza ukisikiliza. Halafu ukavua hedifoni, ukaziweka mapajani, ukasema tofauti ipo. Ya kwanza ina joto, ulisema, inazungusha tuba, inaifanya nene kidogo kuliko ilivyo. "Ile ya kwanza inamsaidia babu," ulisema. "Hii ya pili inamwacha kama alivyo. Nimesikia pumzi ikimkatika ubeti wa tatu, akaruka noti moja, akarudi." Mzee Ndesario akakuuliza basi ni ipi inayosema kweli. Ukanitazama mimi. Nadhani ulishajua ni ipi ya nani, maana joto la valvu lilikuwa linapita kwenye kanga, na plagi ulisikia inahamia upande gani. Ukanyoosha kidole kwa Kundaeli.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Kile kidole nilishawahi kukiona. Baba yangu alinyoosha kilekile, na sasa mwanangu, na katikati nimesimama mimi na jiko langu la taa za kioo. Nikaingia jikoni nikajifanya naangalia moto. Nilitaka kukuchapa, mtu mzima kama wewe. Nilisema moyoni kwamba umeninyang'anya ushindi wangu ukiwa bado wa moto, ukampa yule yule. Ulipokuja kuniaga ulale nilikujibu kwa kukohoa.

Leo asubuhi, ulipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nilivaa hedifoni peke yangu. Kundaeli ameacha amplifaya yake hapa, mtaondoka nayo kesho. Nikachomeka kwake, nikasubiri ubeti wa tatu. Ni kweli. Baba anakatika pumzi. Anaruka noti moja, anavuta hewa kwa shida, na kuna kikohozi kidogo anakimezea ndani ya tuba. Alikuwa ameshaanza kuumwa, na hakuna kati yetu aliyejua, wala yeye hakusema. Nimeusikiliza wimbo ule kwenye valvu zangu miaka yote hii na sijawahi kukisikia kile kikohozi. Chombo changu kilikuwa kinanipendezea baba. Nilikipenda kwa sababu hiyo, nadhani, na sitaacha kukipenda. Jioni nikiwa peke yangu nitamsikiliza akiwa mzima kwenye valvu. Lakini ukinitaka niape mbele ya wazee, kidole chako kilikuwa sahihi.

Nikalia kidogo, kisha nikaanza kucheka, mpaka ng'ombe akageuza kichwa. Maana nilikuwa nimeona jambo.

Kundaeli anadhani amepata masikio ya kukodi. Yeye ni mtu wa watu, atakuzunguka kama alivyowazunguka wazee. Atakununulia soda, atakuita mwanangu, atakuambia kwaya hii ni ya mtu mkubwa, ile rekodi tumeshachelewa, sema tu iko sawa. Hajui anayempeleka nyumbani kwake ni nani. Mama yako mzazi, aliyekulea kwa kazi hiyo moja, alisimama mbele yako akisubiri neno moja la kumfurahisha, na hukumpa. Sasa yeye ni nani hata umpe?

Kwa hiyo ile barua fupi nimeichana kabla sijaiandika. Usimdanganye Kundaeli hata mara moja. Kikiwa kibovu mwambie ni kibovu, siku hiyohiyo, mbele ya mwenye kwaya ikibidi. Akiongeza sauti kidogo ili kitu kipendeze, mwambie umesikia. Akikuambia unasikia visivyokuwepo, usipandishe sauti kama nilivyopandisha mimi. Chukua mita upime. Utamkosesha usingizi, utamtia aibu, na kazi yake itakuwa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa, na kila atakayeisifu atakuwa anasifu sikio lililotoka kwangu. Yeye atalijua hilo kila siku ya maisha yake na hataweza kukufukuza, kwa sababu bila wewe hasikii. Jani la isale liko hapa juu ya valvu, limekauka kwa joto. Nimemsamehe kama mila inavyotaka, na sitamsema kwa mtu tena. Ninakutuma wewe tu.

Hedifoni nimezifunga kwenye kanga ileile ya jana na mfuko wa mchele mkavu kando yake, unyevu usizipate. Ni zako sasa. Amplifaya yangu inabaki na mimi.

Nasikia mlango wa zizi, nadhani umerudi. Nitakukuta nje na nitazungumza nawe vizuri, usishangae. Na siku Kundaeli atakapoweka vitu viwili mbele yako akuulize ni kipi kilicho bora, huku anatabasamu, huku anasubiri, usitazame uso wake. Sikiliza mpaka mwisho, mwanangu, halafu nyoosha kidole.

Ni mimi, mama yako, niliyenuna na kununa kumekwisha.